Mkeka wa gramafoni ulivyoniaibisha

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: “Kaka, nimepata gramafoni ya mtumba. Nitie mkeka gani, wa mpira, wa ngozi au wa koki, ile ya vizibo vya chupa? Nataka besi iliyonona.” Nilicheka, kisha nikanyamaza. Suala hilohilo la mkeka, kile kitandiko kinachokaa kati ya santuri na sinia (lile bamba linalozunguka), liliwahi kunivunjia heshima mbele za watu.

Tulikuwa na kawaida ya kukutana Jumamosi jioni hapa Nairobi, watu saba hivi, kila mtu na santuri zake. Mimi ndiye niliyekuwa na maneno mengi kuliko wote. Nina gramafoni ya Technics SL-1200MK2, modeli iliyotoka mwaka 1979 (mwaka uleule Mbaraka Mwinshehe alipofariki kwa ajali ya gari kule Mombasa, jambo ambalo sikuchoka kuwakumbusha wenzangu). Nilikuwa nimeutoa mkeka wake wa mpira nikaweka wa felti, kitambaa cha sufu iliyoshindiliwa, kwa sababu ndio niliouona kwa madijei. Sikujiuliza wao wanautakia nini. Dijei anataka santuri iteleze chini ya vidole vyake huku sinia likiendelea kuzunguka. Mimi nasikiliza nimeketi, chai mkononi.

Jioni hiyo nilileta santuri ya Super Volcano, bendi ya huyo Mbaraka, niliyoachiwa na marehemu baba. Ilikuwa Februari, hewa kavu, vumbi kila mahali, na felti ikisuguana na santuri katika hali hiyo huzaa umeme tuli. Nikainua santuri niigeuze, sinia bado linazunguka, mkono unaobeba sindano sijaufunga. Mkeka nao ukainuka, umeng’ang’ania kama kupe. Ulipofika hewani ukaachia, ukaangukia mkono, na sindano ikatua juu ya chuma kitupu. Sauti iliyotoka kwenye spika bado ninayo masikioni. Sindano ikapinda. Kimya. Halafu mzee mmoja pale pembeni akasema, “Mkeka umechanika!” Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Tangu siku hiyo jina langu ni Mkeka.

Basi nikajiapiza kuwa nitayajua mambo haya kuliko wao. Nikanunua wa koki, nikanunua wa ngozi, nikarudisha wa mpira. Ule wa koki ulinipumbaza kabisa: sauti ilifunguka, matoazi yakang’aa, nikaanza kuhubiria watu. Mama watoto akachoka nami. Akaniambia nigeuke ukutani, awe anabadilisha mikeka yeye mwenyewe. Wa koki niliutambua kila mara, nikavimba kichwa. Ila wa ngozi na wa mpira nilikuwa nabahatisha tu, na hiyo miwili ilikaribiana unene. Akauliza, “Sasa wewe unasikia koki, au unasikia wembamba?”

Swali hilo lilinikosesha usingizi. Mkeka wa koki ulikuwa mwembamba kuliko ule wa mpira kwa milimita 4 hivi. Santuri ikishuka, upande wa mbele wa mkono unashuka nayo, kisigino chake cha nyuma kinabaki juu, na sindano inaingia kwenye mfereji kwa pembe tofauti. Kwa mkono wa urefu wa milimita 230, hizo 4 ni kama digrii 1 nzima. Chini ya mkono wa Technics yangu kuna pete ya kuzungusha, yenye alama za milimita 0 hadi 6, ambayo nilikuwa sijaigusa tangu niinunue. Nikaushusha mkono ulingane na koki. Ule mng’ao wote niliouhubiri ukabaki kidogo sana.

Kwa hiyo ndugu yangu uliyeniandikia, pima kimo cha mkono kwanza. Kila ukibadilisha mkeka, pima kimo, mkono uwe sambamba na santuri. Kama mkono wako haupandi wala kushuka, tafuta mkeka wenye unene ule uliokuja na chombo. Kisha vua mkeka, ugonge sinia kwa ukucha. Likilia kama mfuniko wa sufuria, hapo mkeka una kazi ya kweli, na mpira mzito ndio unaonyamazisha mlio huo vizuri. Lisipolia, usitegemee miujiza. Angalia pia kama mkeka umebonyea katikati: santuri nyingi ni nene kwenye lebo na ukingoni, na juu ya mkeka ulio bapa kabisa sehemu ya mifereji inaning’inia bila kuegemea kitu.

Ngozi ni nzuri, ila shemeji yangu yuko Tanga na wake uliota ukungu masika ya kwanza. Felti waachie madijei. Na wewe unayenunua mkeka wa bei ya gunia la mchele huku sindano yako hujabadilisha miaka kumi na santuri zina vumbi la kuandikia jina, unanisikitisha. Osha santuri! Pima kimo! Watu hawataki kusikia hili kwa sababu halinunuliwi dukani.

Mwezi uliopita mmoja wa wale wa Jumamosi, yule aliyemwaga chai, alinipigia simu. Alikuwa amenunua mkeka mpya na sauti “imekuwa kali.” Nilikwenda kwake na rula yangu, nikamrekebishia mkono, saa nzima. Akanishukuru sana, akanisindikiza hadi stendi, akaniaga kwa jina langu la kuzaliwa.