Re: /var imejaa, /home ina nafasi kibao, nahamishaje?

Mkuu, kwenye Linux /var ni sehemu ya data za mfumo na /home ni ya mafaili ya watumiaji, sasa kabla hujakata kitu cheki kwanza /var/log, mara nyingi ni majarida ya systemd tu (kumbukumbu za matukio za programu inayoendesha huduma za mfumo) yamevimba, journalctl --vacuum-size=500M inaweza kumaliza kesi hapo hapo. Ikigoma, piga lsblk na df -hT uone kama kuna LVM (mfumo wa kugawa diski kwa voliyumu, yaani vipande unavyoweza kubadilisha saizi) na failisistemu (mpangilio wa mafaili kwenye diski) ni ya aina gani. /home ikiwa XFS sahau kuipunguza, ile inakua tu, itabidi utoe data pembeni, ufute voliyumu, uunde ndogo. Ikiwa ext4 inawezekana ila lazima uishushe (umount, yaani uitenganishe na mfumo), kwa hiyo ingia kama root (akaunti ya msimamizi mkuu) moja kwa moja, sio kwa akaunti inayokaa humo humo ndani ya /home, bakapu iwe tayari, halafu kama LVM ipo:

umount /home
lvreduce -r -L 50G /dev/vg0/home
mount /home
lvextend -r -L +30G /dev/vg0/var

Majina badilisha ya kwako. 50G ni saizi itakayobaki, sio unayotoa, na lazima izidi data iliyopo. Hiyo -r usiiruke aisee, ndo inapunguza failisistemu kwanza kabla ya voliyumu, bila hiyo data inaliwa. /var yenyewe huna haja ya kuishusha, inaongezwa huku huduma zinaendelea.