Karatasi ya maabara ilisema siumwi

Msimu uliopita wa korosho nilikaa siku tatu na debe moja, sijalimaliza kubangua. Mimi huyu, ambaye hapa Masasi najulikana kwa mkono mwepesi na mdomo usiopumzika. Usiku, ikifika saa tisa niko macho. Ugali nautazama tu.

Dada akaniambia, "Mdogo wangu, kapime." Nikaenda. Kijana wa maabara alihangaika kupata kidole ambacho hakijababuliwa na mafuta ya korosho. Malaria hakuna, sukari sawa, wingi wa damu 12.6. "Mama, huna ugonjwa," akanipa karatasi. Niliifunga kwenye pindo la kanga nikarudi na aibu: kumbe ni uvivu tu.

Uvivu gani unamliza mtu akichambua mboga? Baada ya wiki mbili nilipanda basi hadi Mtwara mjini kumwona daktari wa afya ya akili. Hakugusa sindano. Aliuliza nalala vipi, nimeanza lini, kama nimewahi kutamani kufa. Hilo la mwisho nililijibu nikitazama sakafu. Akasema ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka.

Nikafungua pindo nikamwonyesha karatasi. Akacheka kidogo, kwa upole. Alinieleza kwamba hadi leo hakuna kipimo cha damu kinachothibitisha sonona. Watafiti wameona dalili kwenye damu, kweli: protini ya CRP, inayotengenezwa na ini mwili ukiwa na uvimbe wa ndani, huwa juu kwa takriban robo ya wagonjwa. Lakini hupanda pia ukiwa na kidonda au maambukizi, na wengi wenye sonona haijapanda kabisa.

Basi kupima damu ni bure? Hapana, kapime. Upungufu wa damu, au tezi ya shingo kufanya kazi kivivu, humchosha mtu na kumkosesha raha vilevile, na tiba yake ni nyingine. Tezi yangu waliipima, ikawa nzima. Ila ukifika kwa daktari, anza na usingizi na machozi, hata asipouliza. Mawazo ya kufa yakikujia, nenda siku hiyohiyo na mtu wako.

Vidonge vilichukua kama mwezi kunishika. Wiki ya pili nilitaka kuvitupa, daktari akanikataza. Dada bado anataka nirudie kipimo cha malaria.