Mfuko wa nyongo ulishatolewa, mbona tumbo bado linauma?

Pole dada. Miezi minne tangu upasuaji na bado unabanwa chini ya mbavu za kulia kila ukila chipsi mayai? Hilo usilivumilie. Kijiwe kinaweza kubaki kwenye mrija wa nyongo hata kama mfuko haupo, na hutolewa kwa kamera inayopitishwa mdomoni, bila kupasuliwa tena. Omba vipimo vya damu vya ini na kongosho, pamoja na ultrasaundi. Ikitoka safi na maumivu yapo, ulizia MRI ya mirija (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku), maana ultrasaundi mara nyingi haivioni vijiwe vya huko chini. Vidonda vya tumbo navyo huuma vivyo hivyo, na diklofenaki, ile dawa ya maumivu ya dukani, huvichochea, kwa hiyo achana nayo. Ukiona macho ya njano, mkojo kama chai ya rangi au homa ya kutetemeka, nenda hospitali usiku huohuo.