Ukijaribu pikipiki mpya, nenda na ya kwako

Jumamosi rafiki yangu wa hapa Lubumbashi alinikabidhi ufunguo wa pikipiki yake, Himalayan 450 ya Royal Enfield, bado inanukia upya. Mimi nina Himalayan 411, yule kaka yake wa zamani, na huu ni mwaka wa nne tuko pamoja. Nilimwomba jambo moja tu: aje nyuma yangu na ya kwangu, tubadilishane njiani.

Ndugu zangu, msiache hilo. Mwili husahau upesi. Ukipanda mpya leo na yako kesho kutwa, unachokumbuka ni furaha ya upya tu.

Kwenye lami ya kwenda Kipushi nilitaka kuinunua palepale. Injini ya 452 cc, nguvu za farasi 40, gia sita. Yangu ina kama farasi 24 na gia tano. Lori la madini ambalo mimi hulivizia kilomita nzima kabla ya kulipita, hii mpya nilizungusha mkono kidogo na lori likabaki nyuma. Kama safari zako ni Likasi na Kolwezi, lami mpaka mlangoni, chukua hii mpya.

Lakini mimi shamba langu liko ndani. Tulipochepuka kwenye njia ya udongo mwekundu, katikati ya vichuguu, vumbi la Agosti lilikuwa laini kama unga wa bukari, yaani ugali. Huko tulibadilishana mara tatu. Wauza makala, yaani mkaa, walikuwa wanasukuma baiskeli zao kuelekea mjini, magunia yamewazidi kimo, na watu wa namna hiyo huwapiti kwa mbio ukawamwagia vumbi. Unatambaa. Yangu hutambaa kwa gia ya pili bila kulalamika, kwa sababu nguvu yake ya kuvuta inajaa injini ikiwa kwenye mizunguko 4,000 na kidogo kwa dakika. Ya rafiki yangu inataka 5,500. Nilishuka gia ya kwanza, nikawa nashikashika klachi mpaka vidole vikachoka.

Kwenye mashimo mambo yaligeuka. Nilisimama juu ya vikanyagio na ile mpya ikayameza yote; yangu kwenye shimo lilelile ilinigonga mgongoni. Shokapu ya nyuma ya mpya inacheza milimita 200, yangu 180. Kwenye karatasi ni tofauti ndogo, kiunoni si ndogo hata kidogo.

Kabla hujatoa pesa, pakia pia mzigo wako wa kweli. Tuliporudi nilimpandisha mama watoto na mfuko wa unga. Kiti cha mpya kiko milimita 825 kutoka chini, changu 800, na kwenye mteremko wa getini kwetu nilikanyaga kwa ncha za vidole, na mke wangu ameketi nyuma. Hapo niliogopa kwa haki.

Halafu muulize fundi wako, yule wa mtaani unayemwamini. Wangu aliinama, akaitazama radieta ya maji iliyo mbele, akauliza jiwe likiitoboa kule shamba tutaizibia wapi. Yangu inapozwa kwa hewa na mafuta; ana vipuri vyake ndani ya kopo.

Sijaamua. Nimemwomba rafiki yangu anipe tena Disemba, udongo ule ukishageuka tope, twende zote mbili njia ileile.