Maswali na Majibu: Manowari za Sultani ambazo hazikuundwa

Barua za safari hii zinahusu jambo moja: nchi za kubuni na silaha zake. Karibu wote mmechagua Usultani wa Zanzibar ulionusurika vita na Uingereza vya tarehe 27 Agosti 1896, vile vilivyokwisha kabla saa nzima haijapita. Tunajibu nne.

*Kwenu wahariri, salaam. Katika historia yangu Sayyid Khalid bin Barghash hakung'olewa, na mwaka 1912 Unguja ina manowari yake: urefu mita 120, upana mita 15, mzamo (kina chake majini) mita 5, uzito tani 9,000, mizinga 8 ya inchi 12, mwendo noti 25 (maili za baharini kwa saa). Wenzangu wanacheka ila hawasemi kwa nini. Nimekosea wapi? – Msomaji, Tanga*

Tuanze na uzito, maana tunaona ulivyoupata: 120 mara 15 mara 5 ni 9,000. Hilo ni sanduku, ndugu yetu. Meli imechongoka mbele kwenye omo, imebanwa nyuma kwenye tezi, na mbavu zake zinarudi ndani kuelekea mkuku, yaani uti wake wa chini. Kwa merikebu nyembamba ya mwendo kasi, sehemu ya sanduku inayojaa kweli ni kati ya 0.45 na 0.50. Chukua 0.48, kisha zidisha kwa 1.025 kwa kuwa maji ya chumvi ni mazito kuliko ya mtoni. Unapata tani 4,400 na kidogo. Nusu ya meli uliyoiandika haipo.

Vipimo vyako vinakaribiana sana na vya Königsberg, ile manowari ya Wajerumani iliyofia Rufiji. Ilikuwa na urefu wa mita 115, upana wa mita 13 na ushei, tani kama 3,400, na mizinga 10 ya milimita 105. Umechora kruza nyepesi, yaani manowari ndogo ya mwendo kasi, ukaivika mizinga ya meli kubwa.

Sasa tuipandishe mizinga hiyo tuone. Mtutu mmoja wa inchi 12 peke yake unazidi tani 50. Ukiongeza mtutu wa pili, deraya, mashine za kuuzungusha na sakafu ya kuubeba, tukadirie mnara mmoja kuwa tani 400, na kitovu chake mita 11 juu ya mkuku. Kabla ya mizigo hiyo, kitovu cha uzito cha meli yako tunakiweka mita 6.2 juu ya mkuku. Metasenta, yaani ile nukta ambayo meli huwa kama imening'inizwa kwayo ikiyumba, inaangukia mita 7.2. Tofauti ni mita moja, na hiyo ni nzuri.

Weka minara miwili tu, wala si minne uliyoitaka. Kitovu cha uzito kinapanda hadi mita 6.9. Meli nayo inazama sentimita 60 zaidi, na kwa kuwa upana wake haukuongezeka, metasenta inashuka hadi mita 6.8. Kitovu cha uzito kimeipita metasenta, kwa hiyo meli inabinuka ikiwa bado imefungwa gatini. Farumi, yaani mzigo wa kutuliza meli, haitakuokoa: ukijaza chuma chini, inazama zaidi na mwendo unakufa. Dawa ni upana, kwa sababu upana huingia kwenye hesabu ukiwa umezidishwa kwa wenyewe mara tatu. Ukitoka mita 15 kwenda 18 unapata nguvu ya kusimama mara 1.7, lakini utailipa kwa mwendo.

Na mwendo una bei kubwa. Chukua tani 4,400, tafuta kipeuo cha tatu chake, kizidishe chenyewe kwa chenyewe: 268. Zidisha kwa noti 25 mara tatu kwa zenyewe (15,625), ugawe kwa 240, namba tuliyoipata kutoka kwa Königsberg yenyewe. Unahitaji nguvu farasi kama 17,500. Kwa noti 20, nguvu farasi 9,000 zinatosha. Noti 5 za mwisho zimekula karibu nusu ya mashine.

Injini za mvuke za wakati ule tuzihesabie kilo 0.85 za makaa kwa kila nguvu farasi kwa saa. Kwa mwendo wako wote ni tani 15 kila saa. Ghala la tani 800 litakwisha kwa siku mbili na saa chache, na makaa hayachimbwi Unguja wala Pemba. Hapa ndipo hadithi nyingi tunazotumiwa huanguka. Mwaka 1914 Königsberg ilijificha kwenye delta kwa uhaba wa makaa na ubovu wa mashine, na vipuri vyake vilikokotwa nchi kavu mpaka karakana za Dar es Salaam. Kwa hiyo kabla ya mizinga, andika mambo matatu: makaa yanatoka wapi, karakana iko wapi, na gudi la kukaushia meli lina urefu gani. Kama gudi lako ni la mita 90, basi meli ya mita 120 haina pa kusafishwa tumbo, na bahari ya joto huotesha uchafu haraka.

Kama lazima uwe na mizinga mikubwa, achana na mwendo. Brazil iliagiza Uingereza meli tatu za mtoni kwa ajili ya Amazon: tani kama 1,260, mzamo usiofika mita 2, mizinga miwili ya inchi 6 kila moja, mwendo noti 12 hivi. Vita vya 1914 vilipoanza, Uingereza ikazinunua. Mbili kati yake, Severn na Mersey, ndizo zilizopenya mikoko ya Rufiji na kuimaliza Königsberg tarehe 11 Julai 1915. Kwa maoni yetu, sultani mwenye pwani ya mikoko, mafungu ya mchanga, na bamvua ya karibu mita 4 angezinunua hizo kabla ya kruza yoyote. Ila kwenye kusi kali zisitoke nje ya visiwa.

*Shikamooni. Nimechora ndege ya maji ya mwaka 1915 ya kulinda mkondo wa Mafia: injini nguvu farasi 100, uzito kilo 1,500 pamoja na mabomu mawili ya kilo 50, bawa moja la mita za mraba 18. Inaonekana nzuri sana. Je, itaruka? – Msomaji, Mtwara*

Marahaba. Haitaruka, ingawa kweli ni nzuri.

Gawa uzito kwa eneo la bawa: kilo 83 kwa kila mita ya mraba. Ndege za miaka ile zilibeba kilo 25 hadi 35. Kwa hewa ya pwani kwenye joto la mchana, bawa lako linahitaji karibu kilomita 124 kwa saa ili liiinue ndege majini. Injini ya nguvu farasi 100 yenye vielea viwili vikubwa chini haitafika huko, itasukuma povu tu. Kila nguvu farasi inabeba kilo 15, nayo ilipaswa kubeba kama 9.

Ishushe hadi kilo 900 na uipe mabawa mawili, juu na chini, yenye jumla ya mita za mraba 36. Sasa itanyanyuka kwenye kilomita 68 kwa saa. Mabomu yanabaki nyumbani: ama rubani na mtazamaji, ama rubani na mzigo mdogo. Vielea viwe na ujazo wa karibu mara mbili ya uzito wa ndege, yaani lita 1,800 vikijumlishwa, na chini ya kila kimoja uchore kidato, yaani mkato kama ngazi, nyuma kidogo ya kitovu cha uzito. Bila kidato, kielea hunata majini. Hata chenye kidato husumbua asubuhi bahari ikiwa shwari kama kioo, na marubani walipenda boti ipite mbele yao ivuruge maji kwanza.

Haya si nadharia. Mapema 1915 Waingereza walileta Sopwith mbili za majini zenye injini kama yako kuisaka Königsberg. Joto na unyevu vilizimaliza: gundi ililegea na mbao zikaachana. Zilizofuata, za Short, zilipanda kwa shida. Kazi ya kuelekeza mizinga ilifanywa mwishowe na Farman na Caudron, ndege za magurudumu zilizoruka kutoka uwanja uliofyekwa kisiwani Mafia. Kwa hiyo kwenye maelezo ya ndege yako andika skrubu na misumari ya shaba pamoja na gundi, banda la makuti la kuzuia jua, na akiba ya mabawa. Ndege tatu kwenye karatasi zikupe moja angani.

*Nachora manowari kwa mkono, lakini kila nikimaliza zinafanana na vidude vya watoto. Tatizo nini? – Msomaji, Dar es Salaam*

Kipimo. Tumia 1:500, meli ya mita 120 iwe sentimita 24, inaenea kwenye karatasi ya A4 iliyolazwa. Chora mtu kwanza: milimita 3.4. Kutoka sakafu hadi sakafu ni milimita 5, mlango milimita 4. Wengi huchora madirisha makubwa kuliko mabaharia, na hapo jicho linaiona meli ndogo hata kama pembeni umeandika mita 200. Halafu usisahau dohani. Boila zinakaa chini ya dohani, basi huwezi kuweka ghala la risasi papo hapo.

*Naweza kuiita manowari yangu Glasgow? Na bendera? – Msomaji, Muscat*

Bendera ni nyekundu tupu. Majina yapo tele: Sayyid Said alikuwa na Shah Alam, alikuwa na Liverpool ya mizinga 74 aliyomzawadia mfalme wa Uingereza mwaka 1836, na Sultana iliyofika New York mwaka 1840.

Glasgow ina utata. Ile ya kweli iliundwa Uskoti mwaka 1878 kwa Sayyid Barghash, ikiwa na mizinga 7 midogo ya kushindiliwa mdomoni, ikazamishwa 1896 mbele ya jumba la sultani. Milingoti yake ilibaki ikichungulia juu ya maji ya bandari kwa miaka. Lakini kama kwenye historia yako Khalid hakushindwa, basi Glasgow haikuzama, na mwaka 1912 bado ipo, kongwe ya miaka 34. Ing'oe injini na mizinga, ifunge nanga Unguja, iwe ghala la makaa.