Ukoma wa karanga: kabla ya kununua dawa, tazama mapengo shambani

Mkulima akiniuliza dawa ya ukoma wa karanga, nami humuuliza: ulipanda lini, na kutoka shina hadi shina umeacha nafasi gani? Wengi hawafurahi. Mtu keshajiandaa na hela ya chupa ya dawa, wewe unamuuliza habari za kamba ya kupandia. Lakini kwa misimu yote niliyolima zao hili, na kwa mashamba ya wenzangu niliyoyaona yakinusurika na mengine yakiteketea, msimamo wangu haujabadilika. Mche ukishaupata ugonjwa huu hauponi. La kufanya hufanyika mapema, na sehemu kubwa yake hufanyika siku ile ile unapotia mbegu ardhini.

Kwanza tuutambue. Ukoma wa karanga, wengine huuita rozeti, ni ugonjwa wa virusi, na huku Afrika kusini mwa Sahara ndiko kwao. Maelezo yake ya kwanza kuandikwa yalitoka Tanganyika mwaka 1907, wakati wa Wajerumani. Mche hudumaa, pingili hufupika, na majani madogo yaliyojikunja husongamana pale juu. Katika aina ya njano, iliyozoeleka zaidi mashariki na kusini mwa Afrika, majani machanga hung'aa kwa unjano huku mabaka machache ya kijani yakibaki. Hiyo hata mtoto ataiona. Inayoponyoka macho ni aina ya kijani: mche ni mfupi, umefungana, una kijani kilichokolea, na mwenye shamba anausifu kwamba umeshiba mbolea. Ung'oe uone. Chini hakuna kitu, au kuna maganda mawili matatu yasiyo na punje.

Wengi huuchanganya na upungufu wa rutuba. Shamba likikosa chakula au maji yakituama, eneo zima hufifia pamoja. Ukoma hauendi hivyo. Utakuta mche mmoja umejikunja, wa pembeni yake uko salama kabisa, kisha baada ya muda wale waliouzunguka ule wa kwanza nao wanaanza. Ukiona viduara vya namna hiyo, anza kutafuta vidukari, wadudu wadogo wanaouhamisha.

Kidukari anayehusika ni yule mweusi, anayependa pia kunde. Usimtafute kwenye majani mapana yaliyokomaa. Fungua lile jani changa kabisa la kileleni, ambalo bado limejikunja, uliangalie kwa ndani: waliokomaa ni weusi wa kung'aa wenye miguu myeupe-myeupe, watoto wao wana rangi ya majivu. Kama macho yako hayaoni vizuri, fuata sisimizi. Sisimizi wakipanda na kushuka kwenye shina la karanga kwa msururu, hawatembei bure, wanafuata ule utamu unaotolewa na vidukari. Jike huzaa watoto hai bila kuhitaji dume, kwa hiyo wachache wa leo huwa kundi baada ya siku chache. Wakibanana, huanza kuzaliwa wenye mabawa, na hao ndio wanaohamisha ugonjwa kutoka shamba hadi shamba.

Ugonjwa wenyewe una mambo ya ajabu. Si kirusi kimoja, ni washirika watatu, kama genge la wizi: mmoja ana gari, wa pili ana funguo, wa tatu ndiye mwizi mwenyewe. Mwenye gari ni kirusi kinachotoa gamba la kuwawezesha wote kusafiri ndani ya kidukari. Peke yake hata hakidhuru sana. Wa pili humwezesha wa tatu kuzaliana. Na huyo wa tatu, kipande kidogo tu cha vinasaba kisichoweza kujitegemea, ndiye anayedumaza mche na kuukunja majani. Kidukari akishawabeba watatu hao, anao mpaka afe.

Sasa turudi kwenye kamba ya kupandia. Kidukari mwenye mabawa akiwa angani huvutwa na mimea iliyoachana, yenye udongo unaoonekana katikati. Shamba lililofunga vizuri, kijani kitupu, halimvuti hivyo. Kwa hiyo kila pengo ni mwaliko. Kwa karanga za kusimama, zile zisizotambaa, sentimita 50 kati ya mistari na 10 kati ya mashina, mbegu moja kwa shimo, ndicho kipimo wanachofundisha maafisa ugani, nami sioni sababu ya kukizidisha. Najua hoja ya kubana matumizi, mbegu ni ghali. Mbegu uliyoiokoa kwa kupanda mbali mbali utailipa wakati wa kuvuna. Fanya jaribio la uotaji kabla ya kupanda, na pale ambapo hazikuota rudishia mapema.

Kuhusu mbegu, watu hutupa mbegu nzuri kwa hofu ya bure. Ukoma wa karanga hauambukizwi kwa mbegu. Ubaya wa punje za mche mgonjwa ni kwamba huwa zimesinyaa na huota vibaya, na hapo unarudi kwenye mapengo yale yale.

Tarehe ni jambo la pili, na pengine ndilo zito kuliko yote. Mche ukiambukizwa kabla ya kutoa maua, usitegemee kuvuna chochote. Ukiambukizwa maganda yakiwa yamekwisha kujaa, hasara ni ndogo. Mwenye kupanda kwa mvua za kwanza anakuwa ameshavuka hatari wakati vidukari wanapokuwa wengi. Aliyechelewa ana balaa jingine: jirani aliyewahi anakuwa amemlelea wadudu. Ndiyo maana nasisitiza majirani wapatane kupanda wiki moja. Mkishindwa kupatana, basi wewe uwe wa kwanza.

Maotea nayo usiyachekee. Hizo karanga zinazojiotea zenyewe kwenye shamba la msimu uliopita, au bondeni penye unyevu, ndizo zinazohifadhi ugonjwa kiangazi, kwa sababu virusi hivi havijulikani kuishi kwenye mmea mwingine shambani. Zing'oe kabla ya msimu.

Kuchanganya na maharage kunasaidia. Majani ya maharage yana vinyweleo vyenye ncha za ndoano, na kidukari hunasa humo miguu akafa. Jambo hilo lilichunguzwa Malawi miaka ya 1970.

Mbegu kinzani zipo. ICGV-SM 90704, kwa mfano, huitwa Nsinjiro Malawi na Serenut 2 Uganda. Kwa Tanzania waulize TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Naliendele, Mtwara, ambako ndiko utafiti wa karanga ulipo. Ila ukinzani si kinga kamili: vidukari wakiwa wengi kupita kiasi, baadhi ya mashina yataugua tu. Kamba usiitupe kwa sababu umepata mbegu kinzani.

Na dawa? Ya kupaka mbegu kabla ya kupanda ina faida, maana inalinda mche ukiwa mchanga. Ya kupulizia baada ya shamba kuwa la njano naiona ni hela iliyopotea. Tena inaua wadudu kobe, wale wekundu wenye madoa meusi, wanaokula vidukari bila malipo. Kung'oa wagonjwa vilevile kuna wakati wake. Mche mmoja mmoja kabla ya maua, ng'oa, ufukie. Karanga zikishafunga na kufunika udongo, acha. Ukianza kung'oa unafungua mapengo mapya.

Ikitokea zaidi ya nusu ya shamba imeugua kabla ya maua, na mvua bado zipo, mimi ningelima upya nikapanda zao jingine la muda mfupi, mtama au alizeti. Kunde hapana, vidukari hao hao wanazipenda.