Maswali na Majibu: Kaliba Gani kwa Shabaha ya Masafa Marefu?

*Barua za mwezi huu zimeangukia jambo moja, nalo ni uchaguzi wa kaliba ya bunduki, yaani upana wa mtutu na aina ya risasi inayoingia humo, kwa mashindano ya kulenga shabaha ya mbali. Tumezipanga zifuatane, kwa kuwa jibu la moja hutumika kufungulia nyingine.*

SWALI: Ndugu Mhariri, kwa miaka miwili nimekuwa nikilenga shabaha za mita 300 kwa bunduki ya .223, na sasa ninataka kuingia mashindano ya yadi 1,000. Wenzangu watatu wamenipa ushauri wa aina tatu: mmoja anasema .308 Winchester, wa pili 6.5 Creedmoor, na wa tatu ananisihi nichukue .300 Winchester Magnum nisije nikajuta. Fedha nilizo nazo zinatosha bunduki moja tu. Nichukue ipi? — *Mlengaji wa mwaka wa pili*

JIBU: Ndugu msomaji, huenda wenzako wote watatu wamesema kweli, ila hakuna hata mmoja aliyekuuliza swali ambalo lingepaswa kutangulia, yaani utashindana katika daraja gani. Katika mchezo huu kanuni huchagua kaliba kabla wewe hujafungua mdomo. Ukiingia daraja la F-TR la mashindano ya F-Class, yaani ya kulenga kwa bunduki iliyoegemezwa, ambamo bunduki huegemezwa juu ya miguu miwili ya mbele na uzito wake wote hauruhusiwi kuzidi kilo 8.25, kaliba zinazokubaliwa ni mbili tu, .223 Remington na .308 Winchester, na mwenye 6.5 Creedmoor atabaki kuwa mtazamaji. Ukiingia daraja la wazi, F-Open, uzito unaruhusiwa kufika kilo 10 na kaliba yoyote isiyozidi milimita 8 inakubaliwa. Ukivutiwa na mashindano ya Precision Rifle Series, ambamo mshindani huhama kutoka kizuizi hadi kizuizi akilenga shabaha za chuma kwa muda uliopangwa, utakuta kikomo cha kaliba ya .30 na cha mwendo wa futi 3,200 kwa sekunde, sawa na mita 975. Kwa hiyo anza kwa kuomba kanuni za chama kinachoandaa mashindano utakayoyahudhuria, uzisome, ndipo urudi kwa hao wenzako.

Tuchukulie kwamba daraja linakuruhusu kuchagua. Hapo mwamuzi ni upepo. Kuanguka kwa risasi si tatizo kubwa kama wengi wanavyodhani, maana umbali unajulikana, nguvu ya uvutano haibadiliki, na darubini hurekebishwa kwa hesabu iliyokwisha kuandikwa. Upepo haukupi hesabu ya namna hiyo. Chukua upepo wa kilomita 16 kwa saa unaokata njia ya risasi kutoka ubavuni. Kwenye yadi 1,000, yaani mita 914, kichwa cha risasi cha .308 chenye uzito wa greni 175, sawa na gramu 11 hivi, kikitoka mtutuni kwa mita 790 kwa sekunde, kitasukumwa kando kwa takriban mita 2.5. Kile cha 6.5 Creedmoor cha greni 140, kwa mita 825 kwa sekunde, kitasukumwa kiasi cha mita 1.9, na kile cha milimita 7 cha greni 180, kwa mita 860 kwa sekunde, mita 1.6 hivi.

Tofauti hizo usizisome kama zilivyo, kwa sababu hakuna mlengaji anayeupuuza upepo wote. Makosa yetu huwa ni ya sehemu ndogo tu. Sema umekadiria upepo kwa pungufu ya kilomita 1.6 kwa saa, kosa ambalo hata bingwa hulifanya mara kadhaa kwa siku. Katika mashindano ya F-Class duara la alama 10 kwa umbali huo lina upana wa takriban sentimita 25, kwa hiyo kutoka katikati hadi ukingoni ni sentimita 13 hivi. Kosa hilo litaihamisha risasi ya milimita 7 kwa sentimita 16, nayo itatoka nje ya duara kwa unene wa kidole. Ile ya 6.5 itahama sentimita 19. Ya .308 itahama sentimita 25 na kukaa mdomoni mwa duara la 9, ikikuacha ukiomba isianguke kwenye 8. Hiyo ndiyo sababu walengaji wa F-Open hupenda kaliba za milimita 7, hasa .284 Winchester, risasi ya kuwindia iliyoingia sokoni mwaka 1963, isipate wanunuzi wengi, hadi walengaji shabaha walipoifufua.

Wingi wa baruti peke yake haukupi faida hiyo. Inayotangulia ni umbo la kichwa cha risasi, yaani urefu na wembamba wake, na jinsi ncha na mkia wake vinavyopenya hewa. Nitakupa mfano nilioushuhudia kwa macho yangu. Nilikuwa katika handaki la shabaha, zamu yangu ya kushusha ubao na kuziba matundu, na aliyekuwa akilenga kutoka yadi 1,000 alitumia .308 yenye vichwa vya greni 168 aina ya Sierra MatchKing, risasi ambazo kwenye mita 300 zilikuwa zimempa ushindi mara nyingi. Tundu la kwanza nililoliona halikuwa la mviringo. Lilikuwa refu, limelala upande, kama tundu la kitasa cha mlango. La pili vivyo hivyo. Vichwa vilikuwa vikifika ubavu-ubavu, vimekwisha kupinduka hewani. Kichwa kile kilibuniwa kwa ajili ya mashindano ya mita 300, na mkia wake una mwinamo mkali wa nyuzi 13. Mwendo wake unaposhuka kukaribia ule wa sauti, ambao ni kama mita 340 kwa sekunde, huyumba na kupoteza mwelekeo. Kaliba ilikuwa ileile, bunduki ileile, na mtu alikuwa hodari. Angetumia cha greni 175, au cha 155 kilichochongwa kwa masafa marefu na kusukumwa kwa kasi zaidi, matundu yangekuwa ya mviringo.

Sasa hukumu yangu, maana umeniomba moja. Kama F-TR ndilo daraja linaloshindaniwa zaidi karibu nawe, chukua .308. Kama uko huru, chukua 6.5 Creedmoor, iliyotolewa na kampuni ya Hornady mwaka 2007 mahususi kwa mchezo huu, kwa sababu risasi za kiwandani zenye ubora wa mashindano hupatikana bila shida na teke lake, yaani msukumo unaorudi begani, ni dogo. Ile .300 Winchester Magnum mwachie rafiki yako. Sababu zimo katika jibu la msomaji wa tatu hapa chini.

SWALI: Ninachanganywa na majina. Kuna .308, kuna 7.62, kuna 6.5 na 6 BR. Nikipima kichwa cha risasi ya 6.5 kwa kipimio ninapata milimita 6.7. Je, nimeuziwa kisicho sahihi? — *Mwenye kipimio*

JIBU: Hukudanganywa. Ndani ya mtutu kuna mifereji inayoizungusha risasi, na baina ya mifereji hiyo kuna matuta. Majina mengine yanatokana na upana unaopimwa kutoka tuta hadi tuta, na mengine yanatokana na upana wa kichwa chenyewe, ambacho kinalingana na upana wa mfereji hadi mfereji. Kichwa cha 6.5 kina upana wa inchi 0.264, sawa na milimita 6.7 ulizozipata, cha milimita 6 ni inchi 0.243, na cha.308 ni inchi 0.308, sawa na milimita 7.82, ingawa jeshi huita kaliba hiyohiyo 7.62. Neno linalofuata namba ndilo la kuangalia kwa makini, kwa kuwa linataja umbo la ganda, na ganda lisilolingana na chemba, yaani chumba cha risasi, ya bunduki yako halipaswi kuingizwa humo hata kwa majaribio. Zipo risasi nyingi za 6.5, na hazibadilishani.

SWALI: Ndugu Mhariri, mwaka jana nilinunua .300 Winchester Magnum nikiamini kwamba nguvu zaidi itaushinda upepo. Katika mashindano matatu mfululizo nimeshindwa na jirani yangu anayetumia .308, na mara moja na kijana mwenye 6 mm. Bunduki imekaguliwa na fundi, haina kasoro. Nimekosea wapi? — *Aliyechoka bega*

JIBU: Jina ulilojipa limeshajibu nusu ya swali. Kwenye karatasi hukukosea: kwa kichwa kirefu na kizito, risasi yako husukumwa na upepo kidogo kuliko ile ya jirani yako. Lakini mashindano huamuliwa kwa risasi 15 au 20 za alama, zikitanguliwa na za kujaribia, na zamu hiyo huweza kurudiwa mara tatu kwa siku. Ganda lako hubeba baruti takriban mara moja na nusu ya ile ya .308. Kwa risasi tano za mwanzo mwili huvumilia. Kufikia ya kumi na mbili, bega limekwisha kujua linachokingoja, na kidole huanza kuharakisha kabla jicho halijaridhika. Mwenyewe huhisi kuwa ametulia kabisa, lakini ubao huonyesha matundu yakitambaa kuelekea upande mmoja.

Jambo la pili ni kwamba bunduki inayopiga teke kubwa hukunyima kuona. Yule kijana mwenye 6 mm, akishafyatua, darubini yake haihami sana kutoka kwenye shabaha, naye huona vumbi likiruka au bamba la chuma likitikisika, na kwa kuona hivyo hujua upepo umemdanganya kwa kiasi gani. Katika mashindano ya shabaha za chuma ambamo hakuna anayekuonyesha ulipopiga, taarifa hiyo ndiyo iliyowafanya washindani wengi wahamie kwenye maganda madogo kama 6 mm Dasher na 6 GT, ambayo kwa hesabu tupu ya upepo hushindwa na yako. Wamekubali kupoteza sentimita chache za upepo ili wapate kuona kila risasi ilipoangukia.

La tatu ni joto na uchakavu. Mtutu wa kaliba yako hukamilisha maisha yake ya ushindani baada ya risasi 1,000 hadi 1,500 hivi, ilhali ule wa .308 huweza kufika 5,000. Muulize fundi wako kama alitia kamera ya ndani hadi kwenye koo la mtutu, pale mifereji inapoanzia mbele ya chemba. Mahali hapo, katika mtutu uliochoka, chuma hupasuka-pasuka kama matope ya bwawa lililokauka, na nyufa hizo hukwangua kichwa cha risasi kabla hakijaanza kuzunguka. Nje bunduki huwa inang'aa vilevile.

Usiiuze kwa hasira. Pale mashindano yanapovuka yadi 1,200 kaliba kubwa hupata maana yake, na uwanja ukikuruhusu utafurahi kuwa nayo. Kwa yadi 1,000, fikiria kumwomba fundi akufungie mtutu wa kaliba ndogo zaidi ikiwa kitasa cha bunduki yako, yaani sehemu inayoifunga risasi ndani ya chemba, kinaruhusu, na kabla ya hapo piga mazoezi ya kufyatua bila risasi hadi bega lisahau.

SWALI: Mimi ni mama wa binti wa miaka 17 aliyependa mchezo huu. Mwalimu wake anasema aanze na .22 kwa mwaka mzima, naye binti anaona ni kitoto. Pia nimesikia kwamba mitutu huisha; nijiandae vipi? — *Mama wa mlengaji*

JIBU: Mama, mwalimu yuko sahihi, na binti atamkubali siku atakapoitoa hiyo .22 hadi mita 200. Risasi ya .22 Long Rifle ya mashindano hutoka kwa mwendo ulio chini kidogo ya ule wa sauti, na upepo ule tulioutaja wa kilomita 16 kwa saa huisukuma kando kwa zaidi ya robo mita kwenye umbali huo. Atajifunza kusoma bendera, majani na mtetemo wa hewa ya moto kwa gharama ambayo ni sehemu ndogo ya ile ya kaliba kubwa, bila teke la kumtia tabia ya kufumba macho, tabia ambayo ikishaingia haitoki kirahisi. Siku hizi yapo mashindano ya .22 yaliyopangwa kwa mfano uleule wa yale makubwa, kwa hiyo hatakuwa nje ya mchezo.

Baada ya mwaka huo, hatua ya kwanza inayofaa ni .223, yenye mtutu ambao mifereji yake hukamilisha mzunguko mmoja kwa kila inchi 7 au 8 ili iweze kuzungusha vichwa virefu vya greni 77 hadi 90. Mtutu wenye mzunguko wa polepole utaviyumbisha hata uwe mpya. Halafu 6 mm au 6.5. Kuhusu mitutu kuisha, hesabu yake ni rahisi: zihesabu risasi anazofyatua kwa mwaka, mazoezi na mashindano pamoja. Akifyatua 1,500, mtutu wa 6.5 Creedmoor, ambao kwa kawaida huhimili kati ya 2,000 na 3,000, utamfikisha mwaka mmoja na nusu au miwili, na wa .308 miaka mitatu na zaidi. Mnunulie daftari dogo aandike idadi hiyo kila anaporudi kutoka uwanjani, na mtutu wa pili uagizeni wa kwanza ukiwa umebakiza risasi mia tano, kwa sababu mafundi wazuri wana foleni ndefu, na mtutu mara nyingi huchoka katikati ya msimu.